Mnara wa taa wa mtoni ni nini?

Ukisema mnara wa taa wengi wanawaza bahari, kitu kirefu cheupe kimesimama juu ya mwamba huko pwani. Wa mtoni ni kitu ingine, hauhitaji hata kuwa mrefu kwa sababu mto si mpana, mwanga hauendi mbali sana, kazi yake kubwa ni kumwonyesha nahodha palipo na fungu la matope ambalo maji yakijaa halionekani.

Chukua ule wa Hudson-Athens, ulijengwa 1874 katikati ya mto Hudson, jimbo la New York, Marekani. Ukiuona kwa picha utasema hii si ni nyumba tu! Na kweli ni nyumba, ya matofali, ya ghorofa, paa la mansadi, ile staili ya Kifaransa ambapo pande za paa zinashuka karibu wima ndio vyumba vya juu vipate nafasi, halafu kaminara kafupi ka taa kamechomoza. Mlinzi wa taa aliishi humo na familia yake, maji pande zote, na ukungu ukishuka kengele inalia.

Lakini mimi kinachonivutia zaidi ni msingi. Mto ule huganda wakati wa baridi, barafu ikipasuka inateremka mabonge mabonge na nguvu ya kubomoa ukuta, sasa wajenzi wakaichonga ile gati ya mawe ya graniti inayobeba nyumba, upande wa kaskazini maji yanakotoka, ikawa na ncha kama pua ya mtumbwi, barafu ikifika inapasuliwa inapita kando. Sisi wa huku Jinja, Uganda, hilo tunalielewa haraka. Mnakumbuka Aprili 2020, kisiwa kinachoelea kilivyokuja kikaziba mitambo pale Nalubaale, bwawa letu la umeme kwenye mto Nile, nchi nzima giza? Mto unabeba vitu, na anayejenga ndani yake lazima ajiulize kwanza nini kitakuja na maji.

Chini ya graniti kuna nguzo za mbao zilizopigiliwa kwenye matope. Mbao ikizikwa vizuri hivyo haiozi kwa urahisi, hewa haifiki, inakaa zaidi ya miaka mia. Shida ni propela za meli kubwa zinazopita, zimechimbua matope, nguzo zimebaki wazi zinaoza, na 2024 mnara ukaingizwa kwenye orodha ya sehemu 11 za kihistoria zilizo hatarini zaidi Marekani. Inaniuma kwa kweli, barafu ya miaka 150 haikuuweza.