Lenzi nyeusi zaidi si kinga zaidi

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu yetu ya Mtwara: ukitaka miwani ya jua yenye vipimo vya macho yako kwa ajili ya baiskeli, chagua lenzi nyeusi kuliko zote, ndiyo inayokinga. Si kweli, na tafadhali ukiupata usiusambaze.

Weusi hupunguza mwanga tu. Mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana lakini inayodhuru macho, huzuiwa na malighafi ya lenzi au dawa iliyopakwa juu yake. Hata lenzi isiyo na rangi inaweza kuizuia. Tunachanganyikiwa kwa sababu jicho likipata nafuu tunadhani limekingwa, kumbe nyuma ya weusi mboni hupanuka, na kama lenzi haina kinga, mionzi hupata mlango mpana.

Tafuta maandishi UV400, yaani huzuia mionzi ya urujuanimno (UV) yenye urefu wa wimbi hadi nanomita 400. Lebo hubandikwa na yeyote, hivyo muulize mtaalamu wa miwani kama ana kipima mionzi. Kazi ya sekunde chache.

Weusi uliopitiliza nao una hatari: ukitoka kwenye jua kali barabara ya Mikindani ukaingia ghafla kivulini mwa miembe, shimo hulioni mpaka gurudumu limezama.