Marekani na washirika wake wa Indo-Pasifiki: yanayosemwa na yaliyomo mikatabani

Dhana potofu: Marekani imeunda NATO ya pili huko Asia.

Jumuiya ya namna hiyo haipo. Jaribio lililoikaribia zaidi, SEATO, muungano wa ulinzi wa Kusini-mashariki mwa Asia, lilianzia Manila mwaka 1954 na likavunjwa mwaka 1977. Kilichopo ni mikataba iliyofungwa kwa nyakati tofauti: na Ufilipino, na Australia pamoja na New Zealand, na Japani, yote mwaka 1951, kisha na Korea Kusini mwaka 1953, huku Thailand ikiendelea kutegemea Mkataba wa Manila, ule uliozaa SEATO. Japani na Korea Kusini zote mbili ni washirika wa Marekani, lakini hazijaahidiana kulindana zenyewe kwa zenyewe, na kumbukumbu za ukoloni wa Japani nchini Korea kati ya 1910 na 1945 ni sababu mojawapo. India, inayotajwa mara nyingi kwa kuwa inakutana na Marekani, Japani na Australia katika kundi la Quad, haina mkataba wa ulinzi na Marekani.

Dhana potofu: wazo la Indo-Pasifiki, yaani Bahari ya Hindi na Pasifiki kuwa eneo moja, lilibuniwa Washington.

Marekani ilibadilisha jina la kamandi yake ya Pasifiki kuwa ya Indo-Pasifiki mwaka 2018. Miaka miwili kabla ya hapo, Agosti 2016, Waziri Mkuu wa Japani, Shinzo Abe, alikuwa ameutangaza mkakati wa Indo-Pasifiki huru na iliyo wazi jijini Nairobi, katika mkutano wa Japani na Afrika.

Dhana potofu: mshirika akishambuliwa, Marekani inaingia vitani papo hapo.

Mkataba na Ufilipino unasema kwamba kila upande utachukua hatua kukabili hatari ya pamoja kwa kufuata taratibu za katiba yake. Hausemi ni hatua gani, wala hautamki, kama ule wa NATO, kwamba kushambuliwa mmoja ni kushambuliwa wote. Tarehe 17 Juni 2024, walinzi wa pwani wa China waliokuwa na visu na mashoka walizivamia boti za wanamaji wa Ufilipino katika Bahari ya China Kusini, na baharia mmoja akapoteza kidole gumba. Mkataba haukutumika, kwani Manila yenyewe haikulihesabu tukio hilo kuwa shambulio la silaha.

Kuhusu Taiwan, ahadi ni finyu zaidi. Mkataba wake wa ulinzi na Marekani ulikoma tarehe 1 Januari 1980, baada ya Marekani kuitambua Beijing kuwa serikali ya China. Sheria ya Marekani ya mwaka 1979 inahusu kuipatia Taiwan silaha za kujilinda, haiahidi kuipigania.

Dhana potofu: nchi zenye kambi za Marekani hazina sauti.

Hii ndiyo dhana inayopotosha zaidi, kwa sababu inafuta siasa za nchi hizo zenyewe. Tarehe 16 Septemba 1991, Seneti ya Ufilipino ilikataa kwa kura 12 dhidi ya 11 mkataba ambao ungeendeleza kambi ya wanamaji ya Subic, na mwaka uliofuata Wamarekani wakaondoka. Mwaka 1995, China ilipojenga katika mwamba wa Mischief, katika Bahari ya China Kusini, mjadala kuhusu Wamarekani ulianza kugeuka, lakini makubaliano ya mwaka 2014 yaliyowarudisha wanajeshi wa Marekani yaliwaweka kwa zamu ndani ya kambi za Ufilipino, bila kambi ya kudumu iliyo yao. New Zealand nayo ilikataa meli zenye silaha za nyuklia, na Marekani ikasitisha wajibu wake wa kuilinda mwaka 1986.

Wasiosikilizwa, kwa maoni yangu, ni wakazi wa maeneo yenyewe. Okinawa ina takribani asilimia 0.6 ya ardhi ya Japani, ilhali imebeba kama asilimia 70 ya eneo la kambi zinazotumiwa na Marekani pekee. Katika kura ya maoni ya Februari 2019, zaidi ya asilimia 70 ya waliopiga kura walipinga ujenzi wa kambi mpya ya Marekani huko Henoko, kisiwani humo. Tokyo iliendelea nao, na Desemba 2023 ikaidhinisha yenyewe mabadiliko ya mradi ambayo gavana wa Okinawa alikuwa amekataa kuyakubali.