Livrezo ya chakula (kuletewa chakula nyumbani) hapa Lubumbashi: unalipa moto (pikipiki) ama unalipa mkono?

Wiki jana kiliya (mteja) wangu mmoja wa kule Golf, mtaa wa wenye pesa, alinitumia odyo (ujumbe wa sauti) ya dakika 3, na nusu ya hiyo odyo ilikuwa juu ya nyanya. Hazikuchelewa, zilifika saa mbili na nusu vile tulikubaliana, motari (mwenye kuendesha moto) alimsalimia vizuri, fakture ilikuwa sawa. Neno lake lilikuwa moja tu: "Papa, hizi nyanya, kama ningekuwa mimi sokoni, nisingezikamata." Nilicheka, nikairudilia odyo mara ya pili, halafu nikaona huyu mama amesema kwa pumzi moja kitu ambacho mimi nimezunguka nacho miaka yote hii.

Kazi yangu njo hiyo, kuleta chakula kwa watu. Nilianzia kwenye depo ya vyakula vya baridi, nikihesabu stoki na kuchunga frigo, nikatoka, sasa niko na timu ndogo: wanunuzi 3, motari 4, namba moja ya WhatsApp, na thermometa ya kudunga kwenye nyama ambayo wenzangu wanaicheka mpaka leo. Watu wananiuliza sana kama livrezo ina faida ama ni kutupa pesa, na kila mara swali linaangukia kwenye moto, bei gani, inachelewa ama haichelewi. Jamani moto ni kitu rahisi, motari wamejaa kila kona. Kile unachonunua kwangu ni mkono wa mtu mwingine, ule wa kugeuza nyanya wewe ukiwa nyumbani.

Nenda soko ya Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, saa kumi na mbili asubuhi uone. Mama amepanga nyanya kwa mafungu, chache chini, moja juu kama kofia, na ile ya juu siku zote ni malaika. Mtu anayejua haangalii ile ya juu. Anaingiza kidole pembeni, anagusa ile ya chini upande uliolalia ubao, maana hapo njo maji yanaanzia, halafu ananusa kwenye kikonyo. Mama anamwangalia, anaona huyu hadanganyiki, anavuta beseni lingine kutoka chini ya meza. "Mama, ongeza basi, mimi si ni mtu wako?" Nyanya mbili zinaruka ndani ya sashe (mfuko), njo matabishi, nyongeza ya bure, mambo yameisha.

Sasa hiyo kazi mpe kijana mwenye komande (oda) 12 kwenye simu na bosi anampigia kila dakika kumi. Atachukua fungu vile liko, atalipa, ataenda. Na matabishi? Hapo njo siri ya biashara yetu ambayo hatuandikagi kwenye matangazo: kuko wanunuzi ambao matabishi ya bakiliya inalisha nyumba yao. Kwangu sheria ni kwamba inaingia kwa sashe ya kiliya, lakini sikudanganyi, sina macho kila pahali.

Hii mambo haikuanzia kwetu. Mwaka 1984, kule Gateshead, Uingereza, bibi mmoja wa miaka 72, Jane Snowball, alikaa kwenye kiti chake akakamata rimoti ya televisheni akaagiza vitu kwa duka kubwa la Tesco, na wengi wanamhesabu kuwa mtu wa kwanza kununua chakula kwa njia ya mtandao. Lakini angalia alichoagiza: majarini, kornfleksi na mayai. Pakiti, pakiti, na mayai. Hakuna hata nyanya moja! Majarini haihitaji mtu wa kuibonyeza, ile ya Tesco na ile ya jirani ni moja. Mimi naona livrezo ya dunia nzima imejengwa juu ya ile komande ya yule bibi, halafu sisi tunaileta kwenye mji ambao watu wanakula lenga-lenga (mchicha), sombe (kisamvu), samaki na unga wa kupimwa, tunashangaa kwa nini inakwama.

Na hata kwao si kwamba wote walifaulu. Webvan, kampuni ya livrezo ya Marekani, ilijenga madepo makubwa yenye mashini kabla ya kupata wateja wa kutosha, Julai 2001 ikafunga. Karibu na sisi, kampuni ya Jumia ilizima livrezo yake ya chakula, Jumia Food, mwisho wa 2023 katika nchi 7, Kenya na Uganda zikiwa ndani. Wale walikuwa na pesa na programu ya simu nzuri kuliko mimi mara elfu, lakini hesabu ya chakula ni ngumu kwa kila mtu: faida kwenye nyanya ni ndogo, petroli haijui kama umebeba nyanya ama dhahabu. Tuseme moto ni franka 5,000 na wewe umeagiza mboga za franka 3,000. Nani analipa hapo? Kama huduma inakuambia livrezo ni bure, ujue imeingizwa kwenye bei ya nyanya, ama kwenye jasho ya motari. Mimi naambia bakiliya wazi, usiniite juu ya vitunguu viwili, kusanya komande ya wiki nzima ama ungana na majirani wawili watatu wa parseli (kiwanja kimoja), pesa ya moto mnaigawa.

Faida ziko, tena kubwa, na wanaozipata zaidi si wale wa Golf kama watu wanavyofikiri. Kiliya wangu bora ni kambo (mzee mwenye wajukuu) mmoja wa Katuba, magoti hayamruhusu kupanda taksibisi, watoto wake wako Kolwezi na Kinshasa wanatuma pesa kwa M-Pesa. Zamani ile pesa ilikuwa inapita mikononi mwa wajukuu, inafika sokoni imekonda. Sasa watoto wanalipa kwangu moja kwa moja, kambo anatuma odyo anachotaka, mimi naleta. Mama aliyezaa juzi, mtu anayefanya zamu ya usiku kwenye mgodi, mtu asiye na gari anayetaka unga kilo 25, hao wote hesabu yao inakubali, maana gunia la unga kwenye taksibisi unalilipia kiti chake na bado unatukanwa. Na kuko faida moja watu hawaisemi: ukiwa na liste hununui mambo ya njiani. Mimi mwenyewe nikienda sokoni kwa ajili ya chumvi narudi na viatu.

Machi 2020, vile jimbo letu la Haut-Katanga lilifungwa siku mbili juu ya Corona, simu yangu ilikaribia kupasuka. Watu ambao walikuwa wanasema livrezo ni ya wazungu wakaanza kuniita "mwanangu".

Sasa baridi, na hapa vumilia kidogo maana njo ufundi wangu. Samaki tunaita tomsoni, wengi wanatoka bahari ya Namibia, wanapita Zambia, wanaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa kwenye kamyo ya frigo, zaidi ya kilomita 2,000 kwenye digri 18 chini ya sifuri. Mwaka fulani, mwezi wa pili, mvua ile ya kwetu, nilituma katoni moja Ruashi. Motari alipita kwanza Kampemba kuacha mboga, mvua ikamkuta, akajificha kwenye stesheni ya petroli, simu ikazima. Alifika baada ya saa tatu na nusu, katoni imelegea kama kitambaa. Nilikuja mwenyewe na thermometa, ikasoma digri 13. Mama wa nyumba ananiambia kwa roho nzuri, "Papa, wacha tu, nitaikaanga leo leo." Nikakataa, nikamrudishia pesa yote, nikatupa katoni mbele yake, watoto wa avenyi wananiangalia kama mwendawazimu.

Kwa nini? Shirika la afya la dunia linasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida, na kile kinachoharibika kiingie frigo haraka, maana kati ya digri 5 na 60 vijidudu vinazaana raha mustarehe. Lakini kwa samaki wa aina ya tomsoni kuko kingine: nyama yao ikipata joto inatengeneza sumu inaitwa histamini, na histamini ikishaingia, moto wa jiko hauitoi. Unakaanga mpaka inakauka, bado uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mapele yanatoka, watu wanasema umelogwa. Samaki amevuka nchi nzima salama, anaharibika kwenye kilomita za mwisho kwa sababu mboga zilitangulia. Toka siku hiyo samaki anatoka wa mwisho depo na anafika wa kwanza kwa kiliya, ndani ya boksi la frigolite (povu gumu jeupe) na chupa za maji zilizoganda. Anayekuletea samaki kwa sashe nyeusi kwenye usukani wa moto, mrudishe.

Kitu kingine kidogo: usikubali avoka, ndizi zilizoiva na lenga-lenga kwenye sashe moja iliyofungwa. Yale matunda yanatoa hewa inaitwa etilini na mboga inakuwa njano haraka. Nilidanganywa miezi mingi nikifikiri bamama wananiuzia mboga ya jana.

Mambo ya adrese sitayarefusha, kila mtu anajua, "ukifika kwa kinu, uliza". Usiku sipeleki, kwa usalama wa motari na wa geti lako.

Kinachoniumiza mimi ni upande wa sokoni. Yule mama wa nyanya amekukopesha mara ngapi mwisho wa mwezi? Anakujua, anajua mtoto wako aligonjwa. Ukipitia kwangu mwaka mzima, hakujui tena, ananijua mimi, na siku pesa imekata mimi sikopeshi. Pia unapoteza bei kichwani. Agosti 2024, vile Zambia ilifunga mpaka siku chache kwa sababu ya mzozo wake na Congo juu ya bia na limonade, mtu wa sokoni alisikia maneno yote kwa masikio yake akaelewa, lakini kiliya wa livrezo aliona tu fakture imepanda akaniita mwizi. Njo maana nawaambia bakiliya wangu, hata kama inaniharibia soko, mara moja kwa mwezi nendeni wenyewe.

Ukitaka kujaribu huduma yoyote, si lazima yangu, uliza kwanza nani ananunua, na uongee naye yeye, usiongee na motari. Muulize lenga-lenga ikikosekana ataleta matembele ama atapiga simu. Anayejibu "tutaona" muache. Fungua sashe kabla moto haijaondoka, na lipa ukishaona. Dola yako iwe nzima, ikipasuka hata kidogo motari ataikataa na siyo kiburi, na yeye pia wataikatalia.

Yule mama wa Golf nilimpigia simu. Nilimpa mnunuzi wetu mwanamke aongee naye, wakakaa dakika ishirini kwenye laini kuhusu nyanya, ya mchuzi iive namna gani, ya saladi iwe ngumu namna gani, mimi nahesabu unite (salio la simu) zangu zinaisha. Sasa jina lake kwenye kikaratasi chetu lina maelezo: "nyanya za chini". Na kambo wa Katuba ametuma odyo saa hii, anataka lenga-lenga ya kesho, isiwe na maua.