Kishazi rejeshi ni nini, na kwa nini kinamsumbua Mholanzi anayejifunza Kiingereza

Kishazi rejeshi ni kile kipande kinachokaa nyuma ya jina kutuambia ni yupi au ni kipi hasa tunachokisema. "Mwanafunzi aliyechelewa", "baiskeli niliyoinunua". Hiyo "ye" na hiyo "yo" ndo kirejeshi chenyewe, sisi tunakimeza ndani ya kitenzi (au tunakitoa nje kwa "amba"), Kiingereza chenyewe kinakiweka nje kama neno linalojitegemea: who, which, that, whose. Kiholanzi nacho kinaweka nje, kwa hiyo ungedhani mwanafunzi wa Utrecht, au wa Antwerp kule Ubelgiji, atateleza tu bila shida. Wapi.

Shida ni kwamba kirejeshi cha Kiholanzi kinachaguliwa kwa kigezo kingine kabisa. Majina yao yako makundi mawili, yanayotanguliwa na "de" na yanayotanguliwa na "het", sasa jina la "de" linachukua kirejeshi "die", la "het" linachukua "dat", na wingi wote ni "die". Mtu au kitu hapo haiulizwi. Wanasema "de man die" na "de fiets die", mwanaume na baiskeli kirejeshi kimoja, halafu msichana ni "het meisje dat", sawasawa na kitabu, "het boek dat". Sisi wenye ngeli hatushangai sana. Ila Kiingereza hakina habari na makundi hayo, chenyewe kinauliza: huyu ni mtu au si mtu? Mtu who, kitu which. Ndo maana unakuta kijana anaandika "the man which", si kwamba hajasoma, ila "die" yake haijawahi kumdai ajibu swali hilo. Na tabia hiyohiyo inatokea kwenye viwakilishi vya kawaida, meza kwao inaweza kuitwa "hij", neno lilelile la mwanaume, basi kwenye Kiingereza meza inageuka "he".

Lakini, na hapa naona maticha wengi wanapitwa, kuna sehemu moja Kiholanzi chenyewe kinatofautisha mtu na kitu: pale kihusishi (maneno kama with na in) kinapoingia. Mtu niliyeongea naye ni "de man met wie ik sprak", kalamu ninayoandikia ni "de pen waarmee ik schrijf". Wie kwa mtu, waar kwa kitu (mtaani wanachanganya, hata mtu anapewa waar, ila shuleni wanaijua kanuni). Mimi ningeanzia hapo, mwambie mwanafunzi swali la Kiingereza tayari analo kwake, alipeleke tu kila mahali. Ubaya wa hiyo waar ni kwamba inafanana na where, basi utasikia "the pen where I write with" na "the house where I live in", ya kwanza irekebishwe "the pen I write with", ya pili achague kimoja, where au in. Na "alles wat" inazaa "everything what", ambayo inatakiwa iwe "everything that".

Wengi wakichanganyikiwa wanakimbilia that, inafanana na dat yao na inakubali mtu na kitu, kwa hiyo mara nyingi wanapona. Mpaka mkato uingie. "Mijn huis, dat in Utrecht staat" ni Kiholanzi safi, lakini "My house, that is in Utrecht" inakataliwa, kwa sababu maelezo ya nyongeza yaliyozungushiwa mikato hayachukui that, yanataka which (au who kama ni mtu). Halafu wao wana mazoea ya kuweka mkato kati ya vitenzi viwili vinavyogongana, "De fiets die ik kocht, is rood", wakiuhamisha inakuwa "The bike which I bought, is red", mkato mmoja umesimama pale hauna kazi.

Sasa mfano ninaoupenda: "de man die de vrouw zag". Kitenzi kimekwenda mwisho, kwa hiyo nani kamwona nani? Inaweza kuwa mwanaume alimwona mwanamke, inaweza kuwa kinyume, muktadha ndo unaamua. Usiwacheke, hata "mtu aliyemwona Juma" yetu ina utata huohuo. Kiingereza kinalazimisha uamue kwa mpangilio: "the man who saw the woman" au "the man who the woman saw". Na ukishajua nani mtendaji ndo unajua lini kirejeshi kinaweza kudondoshwa, yaani pale tu jina linalorejelewa si mtendaji wa kitenzi kinachofuata: "the man the woman saw". Kiholanzi hakidondoshi kamwe. Kwenye kuandika si tatizo, mwanafunzi akiiacha who au that mahali pake hakuna wa kumkata maksi, kasheshe iko kwenye kusoma, anakutana na majina mawili yamegandana anatafuta die haioni, anadhani gazeti limekosea.