Tafsiri ya Sheikh Farsy haikuwa ya kwanza

Kwenye meza za vitabu Kariakoo, ukiulizia msahafu wenye Kiswahili utaonyeshwa ule wa Marhum Sheikh Abdullah Saleh Farsy, na mara nyingi utaambiwa ndiyo tafsiri ya kwanza ya Kurani kwa lugha yetu. Siyo. Yake ilitoka kamili mwaka 1969, Nairobi, akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Ya kwanza kamili ni ya mwaka 1923, kazi ya Godfrey Dale, padri wa Kianglikana aliyekuwa Unguja. Waislamu wengi hawakuipokea, na si ajabu: ilifanywa na mmisionari. Mwaka 1953 Waahmadiya, wafuasi wa Mirza Ghulam Ahmad wa India, wakatoa yao. Humo alishiriki Sheikh Kaluta Amri Abedi, yuleyule aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Sheikh Farsy aliijua vizuri, maana kwenye maelezo yake anaijibu waziwazi.

Ukiwa na nakala kuukuu isiyo na jalada na hujui ni tafsiri ya nani, fungua Ayatul Kursiy katika sura ya Al-Baqara. Kwa Farsy ni aya ya 255. Kwa Waahmadiya ni ya 256, kwa sababu wao huhesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura. Hapo ndipo wengi hukosea wakinukuu: namba imetoka kitabu kimoja, maneno kingine.

Heshima ya Farsy haipungui. Alizaliwa Unguja 1912, na Kiswahili chake ni cha mtu aliyefundisha darasani miaka mingi.