Serengeti Boys: maneno ya vijiweni na kilichotokea kweli

Kila yakikaribia mashindano ya vijana maneno ni yale yale, kijiweni, kwenye magrupu ya WhatsApp, mpaka redioni kwenye vipindi vya michezo: hao vijeba tu, yaani wamezidi umri, hao hawajawahi kufanya kitu, hao wakishafika huko nje wanapigwa wanarudi. Mi hii timu ya taifa ya Tanzania ya vijana chini ya miaka 17 (U-17) naifuatilia na naipenda kwelikweli, na kinachoniuma ni kwamba mengi yanayosemwa hayapo kwenye rekodi, mtu kasikia kwa mwenzake naye kampa mwingine basi imekuwa historia. Ngoja tuyapitie, mengine nitayakalia kwa muda maana yana mambo, mengine yanaisha kwa sentensi mbili tatu.

Wanasema: Gabon 2017 tulienda kupigwa tu

Hii ndo inaniuma kuliko zote so naanza nayo. AFCON ya U-17, yaani Kombe la Afrika la umri huo, mwaka 2017 ilichezwa Gabon, awali ilikuwa iwe Madagascar ila CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wakawanyang'anya uenyeji. Timu zilikuwa 8, makundi mawili, na aliyefika nusu fainali alikuwa anakata tiketi ya Kombe la Dunia la U-17 kule India mwaka huo huo. Sisi tulikuwa na Mali, Angola na Niger, kocha Bakari Shime, kapteni Dickson Job.

Mechi ya kwanza Mali, bingwa mtetezi wa Afrika, timu ambayo kila mtu alikuwa anaiogopa. Ikaisha 0-0. Mali hao hao baadae wakampiga Angola 6-1, wakaenda mpaka fainali wakaifunga Ghana 1-0 wakabeba kombe tena. Kwenye kundi letu timu pekee ambayo Mali hawakuifunga ni Tanzania, sijui kwa nini hili halisemwi.

Mechi ya pili tukamfunga Angola 2-1. Pointi nne mechi mbili. Ya mwisho tulikuwa na Niger na hesabu ilikuwa nyepesi, sare tu inatosha, sare tunafika pointi tano, tunaingia nusu fainali na India tunaenda. Tukafungwa 1-0.

Hapo Niger nao wakafika pointi nne kama sisi. Tofauti ya magoli sawa, sifuri kwa sifuri, wao wamefunga manne wamefungwa manne, sisi tumefunga mawili tumefungwa mawili. Kilichoamua ni matokeo ya timu zenyewe zilipokutana, na zilipokutana wao ndo walishinda. Niger wakaenda Kombe la Dunia, sisi tukapanda ndege ya kurudi Dar. Kwa hiyo mtu akikwambia Gabon tulipigwa, mwambie mechi tatu, magoli mawili ya kufungwa, goli moja likatunyima India. Na hapo hapo niseme kuwa kukosa sare mechi unayohitaji sare tu lilikuwa kosa letu, Niger hawakutuibia chochote, lakini kukosa kwa goli moja na kwenda kupigwa ni vitu viwili tofauti kabisa.

Wanasema: na hata huko Gabon tulipita mezani

Nusu kweli, na nusu kweli ndo inakaa sana vichwani mwa watu.

Kabla ya meza, yaani uamuzi wa ofisini, kulikuwa na uwanja. Tuliwatoa Shelisheli, tukaja kuwatoa Afrika Kusini, kwao 1-1, marudiano uwanja wa Chamazi, Dar, tukawapiga 2-0. Afrika Kusini walikuwa wametoka Kombe la Dunia la U-17 mwaka 2015 kule Chile, haikuwa timu ya mchangani. Raundi ya mwisho tukapangwa na Congo Brazzaville, Dar tukashinda 3-2, kule Brazzaville tukafungwa 1-0, jumla 3-3 wao wakapita kwa kanuni ya goli la ugenini, maana walifunga mawili kwetu na sisi kwao hatukufunga.

Sasa ndo ikaja meza. TFF, shirikisho letu la mpira, ilikuwa imekata rufaa kuhusu mchezaji mmoja wa Congo kwamba umri wake sio, CAF ikaagiza apelekwe akapigwe kipimo cha MRI, picha ya mfupa inayotumika kukagua umri. Congo hawakumpeleka. CAF ikawaondoa, nafasi tukapewa sisi, hiyo ilikuwa mapema 2017. Kwa hiyo ndio, tiketi ilikuja kwa barua, ila ilikuja kwa sababu mashindano ni ya watoto chini ya miaka 17 na kuna timu iliambiwa ithibitishe ikashindwa. Kufuata kanuni sio ujanja ujanja. Tungenyamaza ndo ingekuwa ajabu.

Wanasema: vijeba wako Afrika Magharibi, sisi wasafi

Hapa wadau wengi hawatapenda lakini historia iko wazi. Mwaka 2005 fainali za Afrika za U-17 zilikuwa Gambia, na sisi tulikuwa tumeshafuzu uwanjani. Tukaenguliwa. Sababu? Umri wa mchezaji wetu. Nafasi yetu wakapewa Zimbabwe na wakaenda kucheza wao. Yaani kile kilichowakuta Congo 2017 sisi kilitukuta miaka 12 nyuma yake, na kile kizazi cha vijana ambao umri wao ulikuwa halali walikaa nyumbani kwa kosa ambalo sio lao, walipigwa na karatasi za watu wazima. Hilo ndo linaloumiza zaidi kwenye mambo ya umri, anayechakachua ni mmoja au wawili, wanaolipa ni kikosi kizima.

Na tukiwa wenyeji 2019 tuliona tena, safari hii kwa wengine. Guinea walifika mpaka fainali hapa hapa Dar, wakatolewa kwa penati na Cameroon baada ya 0-0, halafu baada ya mashindano ikathibitika wachezaji wao wawili walikuwa na tarehe tofauti za kuzaliwa na zile walizotumia kwenye mashindano kule Japani miaka miwili nyuma. Wakafutiwa kila kitu, Kombe la Dunia la Brazil akaenda Senegal badala yao. Hapo hata mashine haikuhitajika, ni kulinganisha karatasi na karatasi.

Wanasema: MRI inakwambia mtu ana miaka mingapi

Haikwambii. Hii naieleza taratibu maana nimeona watu wanabishana nayo sana bila kujua inafanyaje kazi.

Kinachopigwa picha ni kifundo cha mkono, na wanachoangalia ni ule mfupa unaotokea upande wa dole gumba. Mtoto anayekua ana kama mstari wa gegedu karibu na ncha ya mfupa, hapo ndo mfupa unaporefukia. Akizidi kukua ule mstari unaanza kuziba kidogo kidogo mpaka mfupa unaungana wote unakuwa kitu kimoja. Madaktari wameugawa huo mchakato hatua sita, ya kwanza bado uko wazi kabisa, ya sita umeshaziba wote. Kijana akikutwa hatua ya sita anahesabiwa kavuka umri, kwa sababu ni nadra sana mvulana wa chini ya miaka 17 mfupa wake uwe umeshaungana wote. FIFA walianza kuitumia kwenye Kombe la Dunia la U-17 mwaka 2009 kule Nigeria.

Sasa angalia kinachofuata hapo. Kijana wa miaka 18 au 19 ambaye mfupa wake umechelewa kuungana anapita bila shida. Kwa hiyo aliyefaulu MRI hajathibitishwa kwamba ana miaka 16, ameonekana tu kwamba mfupa haujaziba. Na ndo maana kipimo hiki hakifai kwa U-20, wengi wa umri ule mifupa ishaungana kihalali kabisa. Mtu akikubishia kwamba "fulani alipimwa kwa hiyo umri wake ni kweli", hapana, cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa mapema, rekodi za shule na pasi za zamani bado zina kazi yake.

Wanasema: 2019 tulikuwa wenyeji tukatia aibu, kile kizazi kilikuwa kibovu

Matokeo sitayaficha. Aprili 2019, Dar es Salaam, mechi zinachezwa uwanja wa Taifa na Chamazi, tukafungwa zote tatu. Nigeria 5-4, Uganda 3-0, Angola 4-2. Magoli 12 ya kufungwa nyumbani kwako mbele ya watu wako, inauma.

Ila hebu turudi kwenye ile ya Nigeria maana watu wanasoma tu "kafungwa". Mechi ya ufunguzi, timu yenye makombe matano ya dunia ya umri huu, 1985, 1993, 2007, 2013 na 2015, hakuna nchi nyingine duniani inayoyafikia hayo, na vijana wetu wa Oscar Mirambo wakawatia nne. Kuna kipindi tulikuwa tunaongoza kabisa, Taifa inawaka, halafu ikageuka. Shida haikuwa kufunga, shida ilikuwa kulinda, beki ilikuwa inafunguka kila mpira ukipotea katikati, na ile ile ikajirudia kwa Uganda na Angola. Timu inayofunga magoli sita kwenye mechi tatu za AFCON ina vipaji mbele, haina ulinzi. Kuiita mbovu tu ni uvivu wa kuangalia mpira.

Na kizazi hicho mwaka mmoja kabla, 2018, kilibeba ubingwa wa CECAFA U-17, wa Afrika Mashariki na Kati, kule Burundi, fainali tukaifunga Somalia 2-0. Hilo nalo limesahaulika.

Kuna waliodhani pia mwenyeji anapewa tiketi ya Kombe la Dunia moja kwa moja. Hapana. Mwenyeji alipewa nafasi ya kucheza AFCON yenyewe, basi, Brazil ilibidi ufike nusu fainali kama wengine.

Wanasema: wale watoto wa 2017 wamepotelea wapi, mbona timu haiendelei

Serengeti Boys sio Simba wala Yanga, kwamba kikosi kinajengwa miaka mitano. Ni umri. Wa 2017 ilibidi wawe wamezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2000, wa 2019 kuanzia 2002, wa 2025 kuanzia 2008. Karibu kikosi chote kinabadilika kila awamu, kwa hiyo kusema "walifanya vizuri 2017 wakashuka 2019" ni kama unawalaumu wadogo zao. Af ukipanda kutoka hapo unaingia Ngorongoro Heroes ambayo ni U-20, watu wanazichanganya hizi mbili kila siku, Mauritania 2021 walikuwa Ngorongoro sio Serengeti.

Na hawajapotea wote. Dickson Job alitoka Mtibwa akaenda Yanga, akawa beki wa Taifa Stars, timu ya taifa ya wakubwa, AFCON ya wakubwa ile ya Ivory Coast alikuwepo kikosini. Kibwana Shomari njia hiyo hiyo, Mtibwa mpaka Yanga. Wa 2019 yuko Kelvin John, huyo alichukuliwa na Genk ya Ubelgiji kisha akahamia Aalborg kule Denmark. Walioishia njiani wapo, na ni wengi, hilo siwezi kulikataa, lakini angalia hata Nigeria na makombe yake matano, timu ya wakubwa haijawahi kuvuka hatua ya 16 bora Kombe la Dunia. Kwenye kile kikosi cha 2015 Osimhen alifunga magoli 10 akawa mfungaji bora, dunia nzima inamjua, wenzake wengi waliobeba kombe pamoja naye hata majina huwezi kuyataja. Kati ya miaka 17 na 21 ndo watu wanapopotelea, kila nchi, na sisi tatizo letu ni kwamba kijana akitoka Serengeti Boys anaenda kukaa benchi la timu kubwa wakati anachohitaji ni dakika za kucheza kila wiki. Mi nafasi ingekuwa yangu ningempeleka timu ndogo ya ligi kuu acheze mechi zote, kama alivyofanya Job pale Mtibwa.

Wanasema: siku hizi kufuzu Kombe la Dunia U-17 ni mteremko

Ni kweli milango imefunguliwa. Kuanzia 2025 Kombe la Dunia la U-17 lina timu 48, Afrika nafasi 10, na linachezwa kila mwaka. AFCON yenyewe ikawa na timu 16. Ila sisi tulienda Morocco 2025 tukapangwa na wenyeji, Zambia na Uganda, Zambia wakatupiga 4-1, Uganda 3-0, tukashika mkia. Uganda walianza kwa kupigwa 5-0 na Morocco lakini kile kipigo walichotupa sisi kikawapa nafasi ya tatu, wakaingia mchujo, wakaifunga Gambia, wakaenda Qatar mara yao ya kwanza na huko wakaifunga Ufaransa 1-0. Jirani tunayejuana naye, kundi moja na sisi.

Wanasema: Tanzania haijawahi kucheza Kombe la Dunia la mpira

Wavulana, mpaka ile ya Qatar 2025, hawajawahi. Lakini Tanzania ilishacheza, India 2022, Serengeti Girls, timu ya wasichana ya U-17. Waliitoa Cameroon kwa kuipiga 4-1 kule Yaoundé halafu 1-0 pale Amaan, Zanzibar. Kwenye kundi wakafungwa 4-0 na Japan, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali ambako Colombia wakawatoa 3-0.

Na kocha wao alikuwa Bakari Shime, yule yule aliyekosa India kwa goli moja na wavulana mwaka 2017.