Mabango ya Muziki ya Paris: Jiwe, Wino na Wachoraji Wake

Ukipata bango la zamani la muziki kutoka Ufaransa, chukua kwanza lenzi ya kukuzia, uitazame rangi kwa karibu. Vitone vilivyojipanga kwa safu ni dalili ya nakala ya baadaye. Chembechembe zisizo na mpangilio huashiria litografia, yaani uchapaji wa kutumia jiwe, ingawa hata mawe yametumika kuchapa nakala za baadaye, hivyo pima pia ukubwa wa karatasi, uulinganishe na wa bango la asili.

Katika litografia, mchoraji huchora kwa chaki yenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa. Jiwe hulowanishwa, kisha wino hushika penye mchoro tu, kwa kuwa mafuta na maji hayachanganyiki. Kila rangi ilihitaji jiwe lake, ndiyo maana rangi zilikuwa chache na zenye nguvu.

Jules Chéret, aliyeanza uanagenzi wa uchapaji akiwa na miaka 13, alirudi Paris kutoka London mwaka 1866 na kuchapa mabango ya rangi ya kumbi za burudani. Sheria ya Julai 1881 ilipolegeza masharti ya kubandika matangazo, kuta za jiji zilijaa.

Kwangu mimi, mchoraji aliyethubutu kuliko wote ni Henri de Toulouse-Lautrec. Katika bango la ukumbi wa Divan Japonais la mwaka 1893, mnenguaji Jane Avril ameketi mbele kama mtazamaji, amevaa nyeusi. Jukwaani yupo mwimbaji Yvette Guilbert, lakini ukingo wa bango umemkata kichwa! Wapenzi wake walimtambua kwa glavu zake ndefu nyeusi. Ukataji huo Lautrec aliuchota kwenye picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao. Alifariki mwaka 1901, akiwa na miaka 36 tu.

Mwaka 1925 mchoraji Paul Colin alichora bango la La Revue Nègre, onyesho lililompa mnenguaji Mmarekani Josephine Baker umaarufu Paris. Mistari ya Colin ni ya ustadi mkubwa. Hata hivyo, wanaume Weusi wawili aliowachora wana midomo iliyokuzwa kwa dhihaka, na tunapolionyesha bango hilo kwa watoto ni lazima tuwaeleze hivyo waziwazi.

Karatasi ya mabango haya ilikuwa ya bei nafuu, ya kudumu wiki chache ukutani. Usiibandike kwa gundi wala utepe, usiipake plastiki, na uiweke mbali na jua.